Ulisema Mchanga, Mama

S.L.P. 61,
Garsen.

Jumamosi, 21 Septemba 2024.
Asubuhi ya mawingu mepesi, upepo wa kusini, vumbi barabarani tangu saa moja.

Mpendwa Mama Mdogo Alice,

Bwana asifiwe, mama. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepoa kidogo tangu daktari wa huko Kitale akubadilishie dawa. Binti yako Maurine aliniambia baridi ya asubuhi inakutoa machozi na kwamba siku hizi unalala na soksi, wewe uliyekuwa ukitucheka tukivaa viatu vya kufunika. Wajukuu wamekuzoea? Au bado wanakuiga unavyoongea, na hicho Kiswahili chako cha Kipini?

Sisi huku hatujambo. Danson anakohoa kwa ajili ya vumbi, lakini shambani anakwenda kila siku. Mahindi ya ukingoni yamekuwa mazuri kuliko miaka yote tangu anioe. Mafuriko ya Mei yalituhamisha, ni kweli, lakini yalituachia udongo mweusi unaofika kwenye vifundo vya miguu, nawe unatujua sisi watu wa mto. Tukiuona udongo ule tunasahau hata godoro lililokwenda na maji.

Nyumba yako iko salama. Naifungua na kuifagia kila Jumamosi kama tulivyokubaliana. Mchwa walianza kupanda kwenye fremu ya mlango wa nyuma, Danson akapaka oili chafu, wakaondoka. Paa halivuji.

Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo mepesi. Jambo lililonifanya nichukue kalamu nimelizunguka tangu asubuhi. Kwenye simu ningesema samahani, nawe ungesema hapana neno, kisha tungehamia bei ya sukari. Kwa hiyo naliandika, ili nisipate pa kukimbilia.

Mama, mbuzi wa Madina hawakuua kaktasi zako. Niliziua mimi.

Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kumpa Maurine barua hii.

Unakumbuka siku ya safari yako, mwezi wa Juni, tulipokuwa tumesimama barazani kwako na mizigo tayari. Ulinionyesha vile vyungu vitatu, ukasema vimebana, mizizi imejaa, nihamishe mimea kwenye vikubwa. Ukasema, “Tia mchanga, Lydia. Mchanga uwe mwingi kuliko kitu kingine. Na uangalie tundu za chini.” Nikasema nimesikia. Na kusikia nilisikia, nikaandika hata kwenye shajara yangu usiku ule: mchanga mwingi.

Sasa fikiria nilikosoma mimi. Walimu wetu wa sekondari walikuwa wa bara karibu wote. Tukiingia darasani na matope tunaambiwa tusilete mchanga ndani. Tukilima bustani ya shule tunaambiwa tupindue mchanga. Kwangu mimi mchanga ni kile kinachokanyagwa, chochote kile, cheusi au chekundu, kinachotiririka au kinachoshikana. Nilipokusikia ukisema mchanga uwe mwingi, sikuwa na swali. Nilijiuliza tu ni upi ulio mzuri zaidi, na kwa mtu wa mto swali hilo lina jibu moja.

Nilikwenda ukingoni na karai, nikachukua ule mweusi wa mafuriko, laini kama unga. Nikachanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Nikajaza vyungu vyote vitatu na kushindilia kwa kidole gumba ili mimea isimame wima. Nikamwagilia kila asubuhi pamoja na mchicha. Nilijisifu moyoni. Nilisema mama akirudi atakuta kaktasi zenye afya ya ndizi.

Tena uliniuliza. Wiki ya pili ulipiga simu ukasema, “Mchanga umetia?” Nikajibu nimetia, tena mzuri, nimeutoa ukingoni mwenyewe. Ukasema vizuri sana. Wewe ulikuwa unaona ule ufuko mweupe wa mto chini ya daraja, mimi nilikuwa naona shamba la Danson. Tuliridhika wote wawili na kila mtu akakata simu.

Mwezi wa Julai kaktasi mbili zilianguka. Nilifika asubuhi nikakuta moja imelala kando ya chungu, shina limekatika chini, na nyingine imeinama juu ya ukingo. Kwenye sakafu ya baraza kulikuwa na vinyesi vya mbuzi. Siku moja kabla ya hapo niliwafukuza mbuzi wawili wa Madina pale pale. Sikutazama zaidi. Hata kuinama kushika shina sikuinama. Ningeinama ningeona kwamba halikung'atwa. Lilikuwa laini na lenye maji, kama nyanya iliyosahauliwa kwenye mfuko.

Nilichukua ndoo nikaenda mferejini, pale kwenye bomba, na Madina alikuwa kwenye foleni. Palikuwa na watu wengi, wa mto na wa ng'ombe. Nilimwambia mbele yao, “Nyinyi na mbuzi wenu mtatumaliza.”

Sikusema wewe. Nilisema nyinyi. Unajua neno hilo lina uzito gani Garsen, likitoka kinywani mwa Mpokomo likaenda kwa Mworma mbele ya watu. Mwaka ule mbaya wa mapigano mambo yalianza hivyohivyo, mifugo yenu, mashamba yenu, halafu nyumba zikaungua. Na wewe na Madina ndio mliolala chumba kimoja siku zile, watoto wenu chini ya kitanda kimoja, kila mmoja amekataa kuondoka bila mwenzake. Hadithi hiyo nimeisikia kwako mara nyingi nikiwa binti. Nilipolisema lile neno sikuikumbuka.

Madina hakujibu kwa hasira. Aliuliza, “Nyinyi nani, Lydia? Mimi niko peke yangu na mtungi.” Watu wengine wakaangalia chini. Mimi nikajaza ndoo na kuondoka nikiwa nimeinua kichwa.

Jioni ileile nikakupigia. Nilikuambia mbuzi wa Madina wamevunja kaktasi mbili, kwamba nilimwonya kabla, kwamba hajali. Hilo la kumwonya lilikuwa uongo. Niliwafukuza mbuzi tu, sikuwahi kumwambia kitu. Ukasema asante mwanangu kwa kunieleza. Shukrani ile ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Ile ya tatu niliiingiza ndani ya stoo yako na kufunga kufuli. Ufunguo nilitembea nao shingoni. Nikaiongezea samadi ili ipate nguvu, na maji sikuiacha. Mwezi wa Agosti nilifungua mlango nikakutana na harufu. Imeanguka, shina limekatika palepale kama wenzake. Nilisimama na kufuli mkononi. Hakuna mbuzi aliyeingia mle.

Hapo ndipo nilipokung'uta chungu kwa mara ya kwanza. Udongo ulitoka wote pamoja, umeshika umbo la chungu kama keki ya harusi, na chini ulikuwa uji. Tundu zimezibwa na ule mweusi mpaka hakuna tone lililokuwa linatoka. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiivuta inabaki vidoleni. Nilijua kwamba kosa ni maji, na kwamba ni langu. Lakini kwa nini, sikujua bado. Nilikuwa najiambia nimefuata maneno yako.

Na nilinyamaza, mama. Wiki mbili nzima nilipita mbele ya nyumba ya Madina nikisalimia kwa mkono. Nilijiambia ngoja nielewe kwanza kilichotokea. Kumbe nilikuwa naogopa.

Mwanzo wa mwezi huu nilipeleka kile kifurushi chako Kipini, kwa Hawa, mwenzio wa utotoni. Anakusalimu sana na amepungua mwili, lakini mdomo ni uleule. Tulishuka pwani kununua samaki, na tuliporudi akanizuia mlangoni. “Kung'uta miguu, usinitilie mchanga kwenye mikeka.” Nikakung'uta. Alasiri nikamsaidia kuchimba mihogo nyuma ya nyumba, nikaja na miguu myeusi. Akanizuia tena. “Huo udongo haukung'utiki, nenda kanawe.”

Nikacheka, nikamwambia si ni mchanga uleule tu.

Hawa akaniangalia kama mtu aliyeambiwa papa ni kuku. “Huu mchanga? Mwanangu, huko juu mnasomeshwa na nani? Mchanga ni ule haushikani, ukiufumbata unakukimbia. Huu umekugandia mpaka magotini, unauita mchanga?”

Nilikaa kwenye ngazi na birika la maji mkononi, sikunawa. Nilikusikia wewe barazani siku ya safari, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza nikajua ulisema nini. Wewe umelelewa Kipini, baba yako karani wa ofisi ya wilaya, umekulia kwenye mchanga na unajua mchanga ni nini. Mimi ndiye niliyekubali bila kuuliza.

Jumatano nilikwenda kwa Madina. Nilichukua lile donge la udongo lenye mizizi iliyooza, nikalifunga kwenye karatasi, maana niliogopa maneno peke yake hayatatosha. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, “Karibu, mkulima.”

Nikamweleza. Stoo, kufuli, mchanga, udongo, yote. Alisikiliza huku anapepeta, kisha akaweka ungo chini.

“Sasa mbuzi yangu iliingia kwa dirisha ama kwa mlango?”

“Madina, si mbuzi. Ni mimi.”

“Hapana, ngoja kidogo. Kama inafungua kufuli, inakula mizizi chini ya udongo, halafu inafunga tena, hiyo mimi napeleka shule. Itakuwa chifu.”

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Akaingia ndani akatoka na simu, akaiweka katikati yetu kwenye mkeka na kubonyeza. Ilikuwa sauti yako, mama. Ulisema, “Madina, nimesikia habari. Kwako wewe sikutegemea. Hata maua yangu?” Basi.

Alisema alikupigia baada ya hapo na hukushika. Akapiga tena na tena, kisha akaacha. “Hii nimesikiliza mpaka naijua kama wimbo,” akasema. “Alice hajawahi kuniambia neno baya, hata ile mwaka.”

Kuna jambo lingine ambalo sikuwa nalijua. Nilikuwa nimeona zizi lake limenyamaza nikadhani ni kiangazi. Kumbe wiki ileile ya mferejini aliwatoa mbuzi wote akawapeleka kwa kaka yake Hirbo, huko malishoni, ili mtu yeyote asiseme tena ni wao. Wajukuu wake wanakunywa chai kavu, bila maziwa, tangu Julai. Mimi nimepita mbele ya nyumba hiyo kila asubuhi na mkono wangu wa salamu.

Nilimwomba msamaha. Alisema, “Wewe ulisema pale maji. Sema pale maji.”

Alhamisi asubuhi nilikwenda mferejini wakati foleni ni ndefu. Madina alikuwa mbele na mtungi wake. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea. Nilisema tu kwa sauti kwamba mwezi wa Julai, hapa hapa, nilimsingizia Madina, kwamba mbuzi wake hawakugusa kitu, kwamba mimea ya Mama Alice niliiozesha mimi kwa udongo na maji, na kwamba lile neno nyinyi naomba walifute masikioni mwao kama wanaweza.

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, “Basi mbuzi ni wewe, mama.” Foleni nzima ikacheka, wa mto na wa ng'ombe. Uso uliniwaka mpaka masikio. Madina hakugeuka. Mtungi wake ulipojaa ndipo akasema, “Lydia, shika hapa,” nikashika upande mmoja, tukaubeba mpaka kwake.

Mlangoni akaniambia, “Wewe tumemaliza. Alice bado.”

Kuhusu kaktasi, haijaisha yote. Ile ya tatu ilikuwa na ncha ya juu ngumu, ya kijani, isiyoguswa na uozo. Niliikata kwa kisu kilichochomwa moto, juu kabisa ya palipooza, nikaendelea kukata vipande vyembamba mpaka ndani pakawa peupe bila alama ya kahawia. Niliiacha kwenye rafu kivulini mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi, kisha nilipotoka Kipini ndipo nikaipanda.

Mchanganyiko niliotumia ni huu, naomba unisahihishe. Mafungu mawili ya mchanga, mchanga wako sasa, ule wa chenga nene kutoka kwenye ufuko wa mto. Hawa alinijazia mfuko wa pwani lakini sikuutumia, una chumvi. Wa mtoni niliuosha kwenye ndoo mpaka maji yakatoka safi, maana nao huficha ule mweusi. Fungu moja ni udongo wa juu wa kawaida, niliouchekecha. Nikaongeza vipande vidogo vya makaa na vigae chini, juu ya tundu, na tundu nimezipanua kwa msumari wa moto. Samadi sikutia hata chembe.

Kabla ya kupanda nililowesha kidogo nikafumbata kiganjani. Nilipofungua mkono ukamwagika. Nilichukua na ule wangu wa zamani nikafumbata, ukabaki donge lenye alama za vidole vyangu vyote. Laiti ningefanya hivyo mwezi wa Juni.

Sikumwagilia siku za mwanzo. Sasa nachoma kijiti mpaka chini ya chungu, kikitoka na unyevu naondoka zangu, kikitoka kikavu naipa maji mpaka yachuruzike chini, kisha naiacha. Juu nimetandaza kokoto ili shina lisilale kwenye maji. Hawa anasema mchanganyiko huchoka, hukaza baada ya mwaka au miwili, na kwamba hapo unamwagwa unawekwa mpya, usingoje mmea ulalamike. Nimeshika.

Ncha imesimama. Jana nilipoivuta taratibu ilikataa kutoka, kwa hiyo kuna mzizi.

Nilimpelekea Madina. Nilifikiri aiweke yeye mpaka urudi, kwa kuwa kila ikitoa ua mlikuwa mnakaa nayo pamoja na chai. Aliitazama, akaipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, akanirudishia. “Hapana. Ikifa kwangu mtasema mbuzi.”

Alisema mtasema. Nimeirudisha barazani kwako.

Mama, sikuombi unisamehe leo. Ninachokuomba ni umpigie Madina. Yeye hatapiga tena, ameniambia hivyo, na simlaumu. Usimtumie ujumbe wa sauti. Mpigie, ashike, akusikie. Mwambie nilikudanganya, tena ulitumie neno hilo hilo, usiseme nilikosea. Kuhusu udongo nilikosea. Kuhusu yeye nilidanganya, nilipokuambia nilimwonya. Nilimuuliza mbuzi watarudi lini, akasema, “Muulize Alice.”

Nakiri kwamba nimefikiria pia utanionaje baada ya haya. Funguo za nyumba yako ninazo. Ukitaka nizikabidhi kwa mtu mwingine, sema tu, nitazikabidhi siku hiyohiyo bila kununa.

Danson anakusalimu na anasema mahindi utayakuta ghalani. Hawa wa Kipini anakusalimu, na anasema ukirudi uje na uwafundishe walimu. Nisalimie Maurine na mumewe, na wajukuu wote mmoja mmoja. Goti lifunge kwa kitambaa cha joto usiku, usilione haya.

Mungu aliyekuvusha wewe na Madina mwaka ule awalinde wote wawili, na akupe nguvu ya kunisoma kwa upole.

Ni mimi mwanao nikupendaye, japo nimekutia aibu,
Lydia.

Nimeisoma barua yote tena. Nilipofika pale mferejini nilitaka kupunguza maneno, hasa lile la mbuzi ni wewe, nikayaacha yalivyo. Sasa ni saa saba kasorobo usiku, nakwenda kulala.